Maagizo mia moja ya akili unde kwa tasnifu: nusu ni ya kutupa

Kifurushi kinauzwa shilingi 500 kwa WhatsApp. Unalipa kwa M-Pesa, unatumiwa PDF yenye maagizo mia moja ya kuipa ChatGPT au nduguze, kuanzia pendekezo la utafiti hadi hitimisho. Jina la muuzaji nalihifadhi. Mimi nasoma uzamili jioni, mchana niko kazini Industrial Area, na utafiti wangu unahusu mtaji wa wauza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi. Mimi ndiye mteja wa vifurushi hivi hasa.

Kinachofaa kipo. Agizo moja la mwanzoni linasema: jifanye msimamizi mkali, soma swali langu la utafiti, niulize swali moja moja, usinipe jibu. Likanianza hivi: "Unaposema mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, ni shilingi ngapi, na kipimo hicho umekitoa wapi?" Kisha: mwenye kibanda na anayetandaza nguo chini kando ya barabara, utawaweka kundi moja? Nikafunga laptopu nikaenda kufikiri. Msimamizi wangu mwenyewe, ambaye kumpata ofisini ni bahati, hajawahi kunibana hivyo.

La ukubwa wa sampuli nalo si baya. Niliipa wauzaji 400, ikatumia kanuni ya Yamane ya 1967, ile ambayo sura za tatu, yaani za mbinu za utafiti, hapa kwetu haziipiti, ikaonyesha hatua zote hadi 200. Ikaongeza kwamba jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linatoa 196, ikaniuliza nitatetea lipi mbele ya jopo. Hesabu ni sahihi, nilizirudia kwa kikokotoo.

Sasa sura ya pili. Agizo linataka mapitio yenye marejeleo 30 ya kuanzia 2019, na mashine ikayamwaga bila kusita. Nikaanza kuingiza namba za DOI, zile za kutambulisha kila makala, kwenye doi.org. Kuna zilizogoma kabisa, na moja ilinipeleka kwenye makala ya magonjwa ya samaki. Iliyoniudhi zaidi ina jarida la kweli na mwandishi wa kweli, ila makala yenyewe haipo duniani. Mashine hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Haziendi maktaba kukuchomolea kitabu. Zile zinazotafuta mtandaoni hukosea kidogo kuliko hizo, lakini bado lazima ukague.

Nikamwandikia muuzaji. "Hiyo ni shida ya mashine, dadangu, si ya maagizo." Wapi! Agizo ndilo lililodai marejeleo 30 bila kuipa hata makala moja ya kusoma. Siku hizi natafuta makala mwenyewe Google Scholar, naziweka Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo, kisha naibandikia mashine makala mbili na kuuliza wapi waandishi wanapingana na kila mmoja alikusanya data vipi. Hapo inasaidia kweli. Agizo la namna hiyo halimo kwenye kifurushi.

Lingine linakwambia ubandike mahojiano yote upate mada kuu. Watu wangu walinitajia madeni yao na majina ya wanaowadai. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na fomu ya ridhaa waliyotia sahihi haikusema maneno yao yatapelekwa kwenye seva za kampuni ya ng'ambo. PDF haina hata mstari wa kukumbusha mtu afute majina kwanza. Na yale ya kuficha maandishi ya mashine yasinaswe na vifaa vya ukaguzi, hayo sikuyagusa.

Ningelipa 150. Ukiwa na rafiki aliyenunua, mwombe lile la msimamizi mkali na la sampuli, yanatosha. Muuzaji ametangaza toleo jipya la maagizo 300 kwa shilingi 1,000. Sinunui, labda anionyeshe kwanza sura ya pili ameibadilisha.