Prado 250 imefika Lubumbashi: sura za magari zinapendeza zaidi au zinaharibika?

Jambo yenu, bandugu zangu! Jambo Lubumbashi, jambo Likasi na Kolwezi, jambo pia kwenu mlioko Goma na Bukavu, ambao kila video mnaniandikia kwamba nimewatupa. Sijawatupa. Leo sogeeni, kwa sababu nyuma yangu iko Land Cruiser Prado 250, ile mpya kabisa. Nimemsumbua papa mmoja mwenye malori ya kwenda Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, mpaka akaniachia ufunguo kwa leo, hadi jua lishuke. Aksanti sana, papa. Tumeiosha asubuhi, na tazameni, vumbi letu jekundu limeshakaa kwenye boneti.

Injini sitaigusa. Ni ile dizeli ya 2.8, mmeshaisikia kwenye Hilux na kwenye Prado iliyopita, mnaijua. Leo ni sura tu. Kila nikionyesha gari mpya hapa, chini kwenye maoni vita vinaanza: "Yaya, mbona magari ya siku hizi yana sura mbaya hivi?" Halafu kijana mwingine anajibu kwamba wazee wamekwama kwenye Peugeot 504. Mimi nina jibu langu, na liko hapa kwenye kona ya bampa. Njoo na kamera. Karibu zaidi, chini, hapo hapo.

Mnaona huu mstari unaoshuka? Fuateni kidole changu. Unaanzia hapa chini ya taa, unashuka mpaka chini kabisa. Hiyo ni maungio. Bampa la mbele la gari hii si kipande kimoja. Katikati ni kipande chake, kona ya kushoto ni kipande chake, kona ya kulia ni kipande chake. Ukikwaruza kona kwenye jiwe, au kwenye nguzo ya geti la nyumba, unabadilisha kona peke yake. Bampa lote linabaki mahali pake. Mafundi wetu wa kunyoosha bodi, wale wa Katuba na wale wa Kenya (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), walikuwa wakifanya hivyo kwa msumeno na gundi kwa sababu hakuna njia nyingine. Safari hii Toyota wenyewe wamekata mapema, wakakata vizuri.

Subiri, usiondoe kamera, sijamaliza. Angalieni taa. Naweka vidole hapa pembeni. Vidole vinakutana na bodi kwanza, ndipo vinafika kwenye taa. Wameirudisha ndani, wakaipandisha juu. Kitu kikija kukugonga kwa pembeni kitakutana na plastiki ya kona, ile ile rahisi ya kubadilisha, kabla hakijaifikia taa. Toyota walipoionyesha gari hii Agosti 2023 walisema wazi kwamba waliiweka taa hivyo ili isivunjike ovyo. Mimi nilipoliona hilo kwa macho yangu nilifurahi kweli kweli. Mtu amekaa na penseli, anachora uso wa gari, na kichwani anafikiria siku itakapogongwa!

Kwa nini nashangilia kitu kidogo hivi? Kwa sababu ya kile tulichofanyiwa kwenye taa. Zamani taa ya mbele ilikuwa duara, basi. Marekani kuanzia 1940 sheria ilitaka kila gari litumie taa za vipimo vilivyopangwa, na ikakaa hivyo zaidi ya miaka 40. Ukivunja taa, unaingia duka lolote, unatoka na nyingine. Mwaka 1983 wakaruhusu kila kampuni ichore taa yake, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa ya kwanza kule kutoka na taa ya umbo lake. Kutoka hapo wachoraji wakafunguliwa kamba. Sikatai, uhuru ule ulituletea magari mazuri sana. Lakini taa ikaanza kupanda. Ikazunguka kona, ikapanda kwenye mudguard, kwa magari mengine ukingo wake ukakaribia kioo cha mbele. Sasa taa ndiyo kitu cha kwanza kinachogongwa, na ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote vilivyoko mbele.

Mjomba wangu ana gari, kampuni siitaji. Aliguswa na taksi kwenye mzunguko, kidogo tu, hata hakushuka kugombana. Sikio moja la plastiki lilivunjika nyuma ya taa. Sikio dogo kama kucha! Lakini lile sikio haliuzwi. Unanunua taa nzima, na taa nzima ilikuwa iagizwe Dubai, kwa bei ambayo ungepata pikipiki na chenji ya mafuta. Akaifunga kwa waya. Mvua zilipoanza maji yakaingia, na leo upande mmoja unaona, upande mwingine una ukungu. Gari ile ilipotoka kila mtu aliisifu kwamba ina macho makali. Hayo macho makali sasa yamefungwa kwa waya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sura za magari zinaharibika, mimi namuuliza: sura ya lini? Siku ya duka, au baada ya masika mawili ya Lubumbashi? Sura nzuri kwangu ni ile inayobaki nzuri, au inayoweza kurudishwa kuwa nzuri kwa fedha ya mtu wa kawaida.

Kwa kipimo hicho miaka 15 iliyopita imetuumiza. Tazameni midomo ya magari, yaani grili za mbele. BMW wa Series 4 wa 2020 amefunguliwa pua kuanzia juu mpaka chini. Lexus tangu mwaka 2012 hivi anavaa lile umbo lililobanwa kiunoni, na kila toleo linazidi kupanuka. Na wengine wote wakafuata. Eti injini inahitaji hewa? Basi mtazame BMW iX, ni ya umeme, haina rejeta ya kupoza injini ya petroli, na bado ana pua kubwa mbele. Imezibwa! Nyuma yake wameficha kamera na vihisi. Yaani ni kifuniko cha vifaa kilichochorwa kama mdomo.

Lakini tuwe wa haki, si kila unene ni kiburi. Boneti za siku hizi ziko juu kwa sababu Ulaya, kuanzia 2005, magari mapya yanapimwa pia yakimgonga mtu anayetembea kwa miguu. Lazima kuwe na nafasi kati ya bati la boneti na chuma cha injini, ili kichwa cha mtu kisikutane na chuma. Hiyo naikubali kwa mikono miwili. Ukinichagulia kati ya boneti nyembamba ya kupendeza na maisha ya mwanafunzi anayevuka barabara ya Kasenga, tusiongee tena.

Na wazee wangu, msiniambie kwamba kuchora magari ili yakate upepo vizuri kuliua uzuri. Mercedes 123, ile mnayoiabudu, kipimo chake cha kukata upepo kilikuwa 0.42. Ikaja 124 mwaka 1984, chini ya Bruno Sacco, mkuu wa wachoraji wao, ikashuka mpaka karibu 0.30. Nani hapa atasema 124 ni mbaya? Iko moja nyeupe inapita mtaani kwetu, milango inafunga kwa sauti ya kabati la chuma, na sura yake haijazeeka hata kidogo. Mistari michache, kioo kikubwa, plastiki pana ubavuni ili mlango wa jirani ukigonga ugonge plastiki. Ile plastiki ya ubavuni imekwenda wapi? Magari mapya yana mikunjo mitatu kwenye mlango mmoja, ile mikunjo mikali, na ukibonyea hapo fundi anakutazama kwa huruma. Kunyoosha mlango bapa ni kazi. Kunyoosha mkunjo ni mateso.

Turudi kwa Prado. Ubavu huu hapa, piteni nao polepole. Bapa! Mkunjo mmoja juu ya gurudumu, mwingine nyuma, basi. Kioo kinaanzia chini, hasa hapa mbele. Nikikaa kwenye usukani namuona mtoto aliyesimama karibu na mlango. Boneti nayo wameibonyeza katikati, ili uone mbele. Kwenye Prado iliyopita, ile 150 ya mwisho, na hasa ile ya 2013 yenye taa zinazoteremka kama machozi, sikuwahi kupenda uso. Huu naupenda. Jina TOYOTA limeandikwa kwa herufi kamili, kama kwenye Land Cruiser za zamani za vichwa vya chuma.

Sasa linaloniudhi. Upana! Hii ina milimita 1980. Ile ya 150 ilikuwa 1885. Karibu sentimeta 10 zimeongezwa, na sasa Prado ina upana sawasawa na Land Cruiser 300. Kwa nini? Prado ilipendwa kwa sababu ilikuwa ile ndogo, ile unayoweza kuiingiza kwenye njia za soko la Kenya bila kupindua beseni la nyanya la mama mtu. Leo asubuhi nimepita pale, vioo vyote viwili nimevikunja, na bado mama mmoja amenyanyuka na kiti chake. Hapo mchoraji wa ile kona ya bampa hakushirikishwa, au hakusikilizwa. Mimi sioni faida ya sentimeta hizo. Kila gari jipya ni pana kuliko la jana, na njia zetu hazijaongezwa hata tofali moja.

Halafu kuna washindani, maana najua mtaniuliza. Siku hizi kila mtu anarudi kwenye umbo la sanduku. Defender tangu 2020, Suzuki Jimny tangu 2018, Jetour T2 ya Wachina, hata Hyundai Santa Fe mpya. Hiyo Santa Fe mbele inanivutia kabisa. Lakini nendeni nyuma yake mtazame taa ziko wapi. Chini! Karibu na bampa! Sasa fikiria uko njia ya Likasi, jioni, lori limekutangulia, vumbi limesimama kama ukuta, na anayekufuata anatafuta taa zako za breki karibu na ardhi. Na ukigongwa nyuma kidogo tu, taa ndiyo imepokea. Prado, tazama hapa, taa zimesimama juu ya bampa, ndani ya bodi. Kioo cha nyuma kinafunguka peke yake, hivi, pa! Unatupa mfuko ndani bila kufungua mlango wote. Mlango wenyewe sasa unapanda juu. Wale mliozoea ule wa kufunguka kwa pembeni na tairi mgongoni, imekwisha hiyo, tairi limeshuka chini ya gari.

Ndani nitapita mbio. Skrini ya inchi 12.3, sawa, lakini vitufe vya hewa vipo, vikubwa, unavipata kwa kidole bila kuangalia. Hata Ulaya wamechoka na skrini: Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari, kuanzia 2026 wanataka vitu kama honi, indiketa na waipa viwe na kitufe au mkono wake, la sivyo gari linapoteza alama.

Bei. Japani ilianza kuuzwa Aprili 2024, kuanzia yeni milioni 5.2. Hiyo ni Japani, kwenye duka lao. Ongezeni meli, bandari, lori la kuvuka Zambia, na ushuru wa Kasumbalesa, halafu mkumbuke kwamba ya Japani usukani uko kulia na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani wetu uko kushoto. Kwa wengi wetu gari hii itakuwa ndoto mpaka zile zilizotumika zianze kuingia. Ndiyo maana nasisitiza ile kona ya bampa. Gari hii itamfikia mtu wa Ruashi ikiwa mkononi mwa mwenye wa nne au wa tano, na huyo ndiye atakayeshukuru kwamba inaweza kubadilishwa nusu.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: zilikuwa zinaharibika, na sasa zimeanza kugeuka. Hata Land Cruiser 70, tangu 1984 na taa za duara, 2007 wakazibadilisha, na 2023 wakarudisha duara. Watu wa migodi hapa mnaijua vizuri kuliko mimi.

Prado hii pia iko ya taa za duara na iko ya taa za mraba. Hii ya papa ni mraba. Mimi ningechukua duara. Semeni yenu hapo chini, duara au mraba, na mseme mko mji gani. Ambaye hajajiunga na chaneli abonyeze sasa, tunataka kununua maikrofoni inayovumilia upepo, mmesikia wenyewe leo. Video ijayo tunaingia garaji moja ya Katuba, kuna 70 ya zamani inavuliwa rangi yote mpaka bati, na fundi amekubali tuonyeshe kazi mwanzo mpaka mwisho. Papa anapiga simu, anataka gari yake. Tuonane!