Sabufa ilikosa kazi: Old Joy na gitaa lake

Mara ya kwanza kuiangalia filamu ya Old Joy sikufika mbali. Dakika chache tu nikaisimamisha, nikachukua bisibisi, nikafungua spika ya kulia. Wiki ileile nilikuwa nimeibadilishia koili, na sasa gitaa linalia upande wa kushoto peke yake. Nikakagua waya, nikagusagusa pale nilipolehemu, nikapima kwa mita. Safi. Nikaweka singeli, pande zote mbili zikatetemesha vikombe kabatini. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kopi yenyewe, niliyojaziwa kwenye flashi Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa shilingi mia tano. Fundi spika mwaka wa 16 huu, nimedanganywa na faili! Ilibidi ningoje binamu yangu aje na akaunti yake ya kulipia, tukala bando lake, ndipo nikaisikia vizuri.

Nasema kuisikia makusudi. Kama sauti yako ni ya spika ya simu, usijisumbue nayo, kalale.

Ni filamu ya 2006, ya Kimarekani, imeongozwa na Kelly Reichardt kutoka hadithi fupi ya Jonathan Raymond. Ni ya fedha kidogo na watu wachache, saa moja na robo hivi imekwisha. Mwaka huohuo ilipata tuzo ya Tiger kule Rotterdam, Uholanzi. Wanaume wawili waliokuwa marafiki sana zamani: Mark ana nyumba, ana mke mjamzito, ana kazi; Kurt ana ndevu, ana bangi yake, na hana pa kulala panapoeleweka. Kurt anapiga simu, twende maji moto milimani, usiku mmoja tu. Wanatoka mji wa Portland, jimbo la Oregon, na Volvo ya Mark na mbwa anaitwa Lucy. Huyo mbwa ni wa mwongozaji mwenyewe, na kwa maoni yangu ndiye anayeigiza vizuri kuliko wote, maana hajui kama anaigiza.

Kisha? Wanapotea njia. Kurt, aliyesema anaijua, haijui. Wanalala porini karibu na kochi bovu lililotupwa, wanawasha moto, wanakunywa bia, wanalenga makopo kwa bunduki ya upepo. Asubuhi wanakula mgahawani, wanaelekezwa, wanafika, wanaoga, wanarudi. Basi. Hakuna ngumi, hakuna mtu anayekufa. Nikajaribu kufikiria ingewekwa kwenye kibanda umiza, na yule jamaa wa kutafsiri juu ya filamu. Maskini, angesema nini? Angebuni kwamba Kurt ni jambazi katoka jela, Mark ndiye aliyemchongea, na angepiga kelele mpaka gitaa lote lizame. Wateja wangedai hela yao vilevile.

Na gitaa ndilo lililonileta hapa. Muziki umetengenezwa na Yo La Tengo, bendi ya Hoboken, New Jersey, ipo tangu 1984. Ira Kaplan na Georgia Hubley ni mume na mke, wa tatu ni James McNew. Jina ni Kihispania, maana yake "ninalo". Bendi hii ikitaka kupiga kelele inaweza. Nimewahi kujaribia spika kwa kazi zao nyingine, na mteja akadhani nimeiharibu spika yake. Humu wamejizuia. Gitaa linapigwa safi, halijachafuliwa na mitambo, kipande kifupi kinarudi na kurudi kama mtu anayetaka kuanzisha maneno halafu anaahirisha. Hakuna anayeimba. Besi ni ya kuhesabu. Sabufa yangu, inchi nane, niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, ilikaa pale chini kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Sikiliza wakiwa garini. Mark akiwa peke yake anawasha redio, na redio ile ni siasa mtindo mmoja, watu wanabishana kuhusu vyama vya Marekani. Rafiki akiwapo, redio inakaa kimya na gitaa linaingia, miti inapita dirishani, unaona viwanda, madaraja, halafu kijani kitupu. Wakishaachana, redio inarudi. Hakuna mtu aliyetamka "nimekuwa mpweke", lakini mimi ninayeshinda na redio za watu mezani nilielewa palepale. Nina wateja ambao redio ikiharibika wanakuja mbio saa moja asubuhi, na si kwa sababu ya taarifa ya habari.

Jambo jingine nililolipenda: muziki unajua pa kunyamaza. Pale kwenye moto, bia zimeshawalegeza, Kurt anamwambia mwenzake kwamba amemmiss, kwamba anahisi kuna kitu kimesimama katikati yao, anatamani wawe marafiki kama zamani. Mark anajibu, aah, mbona tuko sawa tu. Na Kurt kwa haraka anayarudisha maneno yake mfukoni, anasema ni mawazo yake tu, asijali. Sehemu nyingine wangetumwagia vinanda hapo tulie. Hapa unachokisikia ni moto na sauti za wanaume wawili wanaoona aibu.

Mimi pale nilisimamisha filamu mara ya pili, na safari hii spika hazikuwa na kosa.

Mwaka 2011, kabla uwanja wa ndege wa Songwe haujafunguliwa, mimi na swahiba wangu tuliyesoma naye tulikwenda na pikipiki kuyaona maji moto ya Songwe, upande ule wa mapango ya popo. Yeye ndiye aliyesema anaijua njia. Tukazunguka kwenye mahindi mpaka jua likatupiga utosini, mama mmoja mwenye kuni kichwani akacheka: "Wanangu, mmeshapita." Tulipofika tukakaa juu ya yale mawe meupe, tukatafuta mahali pasipounguza, tukatia miguu. Mvuke, harufu ile kama ya kiberiti. Akaniambia huku anaangalia maji, "Mwanangu, siku hizi unanikwepa." Nikasema kazi tu, si unajua mafundi. Akasema, "Poa, nilikuwa nakutania." Nilikuwa nimeoa miezi saba. Hatukuligusa tena. Na mpaka leo tukikutana Kabwe ni salamu ya "ugonile", vicheko, habari za mpira, kila mtu anadandia bajaji yake.

Kwa hiyo msinitegemee kuwa mwamuzi wa haki kwenye hii filamu.

Maji moto yao lakini ni ya kujengewa. Yanaitwa Bagby, ndani ya msitu wa Mlima Hood, na watu wanaoga kwenye magogo yaliyochimbwa kama mitumbwi, chini ya kibanda cha mbao. Njia ya kwenda huko kwa miguu ndiyo dakika tamu kuliko zote kwa masikio: miti mikubwa, mbwa anatangulia na fimbo mdomoni, gitaa linatembea kwa mwendo wao. Ndani ya maji Kurt anasimulia ndoto aliyoota, taratibu, halafu anasimama anamkanda mwenzake mabega. Binamu yangu aliniangalia. Najua wengi hapo watacheka au watatoka kwenda kununua karanga. Mimi niliangalia mkono wa Mark wenye pete ya ndoa: kwanza umekaza, kisha unalegea na kuteleza majini. Mwongozaji hakueleza, wala mimi sitaeleza.

Lawama zangu. Mke wa Mark, Tania, amepewa dakika chache mno, yupo tu kama mlango ambao lazima uombewe ruhusa kupita. Ningependa kumsikia. Zile siasa za redioni ni za Marekani ya wakati ule, kwa mtu wa Mbeya zinapita kama matangazo ya kifo cha mtu usiyemjua. Maandishi ya Kiswahili sikuyaona, na Kurt anaongea amemeza nusu ya maneno. Anayemwigiza, Will Oldham, ni mwanamuziki mwenyewe, anajulikana zaidi kwa jina la Bonnie "Prince" Billy, lakini wamemnyima wimbo. Mwanzoni niliona ni hasara; baadaye nikasema afadhali, angeimba angekuwa ameyasema.

Anayetaka muziki peke yake, Yo La Tengo waliukusanya kwenye albamu ya 2008, They Shoot, We Score, pamoja na walioufanyia filamu nyingine. Vipande vya Old Joy vichukue usiku, baridi ya Juni, chai ya tangawizi, sauti ya wastani. Usiongeze besi, hutaipata, utapata mvumo tu.

Wiki iliyopita swahiba alikuja kibandani kwangu na redio ya gari lake, upande mmoja haulii. Kweli safari hii ilikuwa waya. Nikalehemu, nikaijaribia kwa hicho kipande cha kwenda kwenye maji. Akavuta kigoda.

"Mbona besi hamna?"

"Haina."

Akasema, "Aah." Akakaa mpaka kikaisha, akauliza bei, nikamwambia elfu tano, akatoa elfu kumi akasema chenji atachukua akirudi.