Karafuu kavu za Pemba: zipi za kununua, zipi za kuacha

Karafuu ya Pemba iliyochumwa kwa wakati na kuanikwa vizuri ni ya kununua bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba pakiti yenye jina la Zanzibar inaweza kuwa na karafuu hiyo, au ikawa na mpeta (karafuu iliyoharibika kabla ya kukauka), makonyo (vijiti vinavyobaki karafuu zikishatengwa) na vumbi.

Anza na kichwa. Karafuu nzima ina kitufe cha mviringo kilichoshikwa na vijino vinne, na chini yake kijiti kinene. Rangi ni hudhurungi yenye wekundu, kitufe kikiwa cheupe kidogo kuliko kijiti. Bonyeza kijiti kwa ukucha: lazima kitoe mafuta, maana karafuu nzuri hubeba mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Ukitilia shaka, tia chache kwenye glasi ya maji. Zikizama au zikasimama wima, kichwa juu, ni nzima. Zikilala ubavu juu ya maji, mafuta yameshakwisha, ama kwa kukaa sana dukani ama kwa kukamuliwa kabla ya kuuzwa.

Mpeta ndio wa kuogopwa zaidi. Ni karafuu iliyokunjamana, nyepesi, yenye rangi ya kijivu, na harufu yake imechacha. Hutokea pale karafuu mbichi zinaporundikwa usiku kucha kwenye gunia au pembeni mwa nyumba: zinapata joto, zinachachuka, na hata ukizianika siku kumi hazirudi tena. Sababu ni ya kueleweka. Msimu mkubwa huangukia wakati wa mvua za vuli, na karafuu inataka jua kali la siku nne au tano mfululizo juu ya jamvi. Mkulima makini huchambua jioni ileile, akitenga karafuu na makonyo, na asubuhi anaanika tabaka jembamba, akigeuza mara kwa mara. Mvua ikitishia, jamvi hukunjwa mara moja. Kilo tatu za mbichi hutoa karibu kilo moja ya kavu. Zilizoanikwa ukingoni mwa barabara hubeba mchanga. Zisage uone jinsi zinavyokwaruza meno.

Kuchuma nako ni kazi nzito. Kikonyo lazima kikatwe kabla ua halijafunguka, linapoanza kuwa jekundu, na mti unaweza kufika mita 12 au zaidi. Tawi la mkarafuu huvunjika bila kutoa onyo, kwa hiyo mchumaji hufanya kazi akihatarisha maisha, na kwa desturi hulipwa kwa pishi alizochuma. Anayelalamikia bei ya karafuu akumbuke hilo.

Mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba, yenye vilima na mvua nyingi, ndiyo imeshika sehemu kubwa ya zao. Mkulima huuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo hupanga madaraja kabla ya kulipa. Makonyo nayo huenda kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kukamuliwa mafuta. Kwa hiyo ukikuta makonyo mengi kwenye pakiti yako, umeuziwa malighafi ya kiwanda kwa bei ya kiungo.

Usinunue iliyosagwa. Haijulikani imechanganywa na nini, na harufu yake huisha haraka. Kwenye soko la Darajani mjini Unguja, au la Marikiti Mombasa, omba uonyeshwe karafuu iliyo wazi, uishike kabla ya kupimiwa. Pakiti ya plastiki iliyoning'inizwa juani kwa ajili ya watalii iache. Nyumbani iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko.

Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, karafuu 8 hadi 10 zinatosha. Zitie kwenye mafuta baada ya kitunguu kubadilika rangi, si mwanzoni, kwani zikiungua hutia uchungu chungu kizima. Ukiwa na karafuu ya daraja la kwanza, punguza mbili.