Sakafu ya Juu Inayohimili Moto Ghalani: Tathmini ya Huduma Tuliyopata Nyakato, Mwanza

Wafanyabiashara wengi wa jumla jijini Mwanza wanaohitaji nafasi zaidi ghalani humwita fundi wa kuchomelea, humwonyesha kimo cha paa, na baada ya muda mfupi hupata ghorofa ya vyuma na mbao juu ya vichwa vya wapagazi. Sakafu za namna hiyo zipo Nyakato, zipo Igoma, zipo pia kwenye stoo za karibu na Mwaloni Kirumba, na kwa kuwa zinabeba mzigo mwaka baada ya mwaka bila kulalamika, mtu huona hakuna sababu ya kulipia zaidi. Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kusanifu na kujenga sakafu ya juu iliyokusudiwa kuhimili moto kwa dakika 60, ndani ya ghala letu la vifaa vya uvuvi na vifungashio: nyavu, kamba, maboya, maboksi ya kufungashia minofu na vyombo vya plastiki vya nyumbani. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu ipo kasoro moja ambayo bado tunajadiliana nayo, na si haki kuianika hadharani kabla haijajibu.

Mhandisi aliyekuja kuangalia ghala aliomba daftari la stoo kabla hajatoa futi yake mfukoni. Alitaka kujua uzito wa kila aina ya bidhaa, inafungashwa kwa nini, na inapangwa hadi kimo gani. Nilidhani anapoteza muda, hadi alipoeleza kwamba kilo moja ya polithini ikiungua hutoa joto la takriban megajuli 40, ilhali kilo moja ya mbao kavu hutoa takriban megajuli 17 tu, kwa hiyo ghala la ndoo na nyavu haliwezi kusanifiwa kama ghala la meza na viti hata kama yanalingana kwa ukubwa na umbo. Kwa maelezo hayo peke yake nimeiweka kampuni hii juu ya karakana zote tulizoziomba bei, ambazo zilitaka vipimo vya urefu na upana na si jambo jingine lolote.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye ghala alielewe ni tabia ya chuma kwenye joto. Chuma hakiungui, na hilo huwafanya watu wakiamini kupita kiasi. Kwenye nyuzi joto 400 bado kina karibu nguvu zake zote, lakini kikifika 600 hubakiwa na chini ya nusu, na kwenye 700 hubaki na takriban robo. Tanuri la majaribio linaloendeshwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 834 hufikia nyuzi joto 576 katika dakika 5 za mwanzo, 842 katika nusu saa na 945 saa moja inapotimia. Chuma huchelewa kidogo kulifuata joto la moto, ila boriti nyembamba isiyokingwa kwa kawaida haimalizi nusu saa hiyo. Atakayepiga 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha gari likakumbana na msongamano wa Buzuruga saa za jioni, atakuwa anashindana na saa ambayo imekwisha kuanza kuhesabu.

Kuhusu mzigo, mahesabu yao yalikuwa ya uangalifu na waliyaweka wazi. Walichukua kilo 750 kwa kila mita ya mraba, kiwango ambacho kanuni za usanifu za Ulaya hukipendekeza kwa maeneo ya kuhifadhia bidhaa. Nguzo zilipangwa umbali wa mita 4 kwa 5, hivyo kila nguzo ya ndani inasimamia mita za mraba 20, yaani tani 15 za bidhaa, na ukijumlisha uzito wa zege na vyuma unakaribia tani 20 zinazoshuka mahali pamoja. Kwa sababu hiyo walikataa katakata kusimamisha nguzo juu ya sakafu ya zamani ya ghala, wakaamuru ichimbwe na kila nguzo iwekewe msingi wake. Mahali pamoja tulikutana na jabali, kama inavyotarajiwa Mwanza, na nguzo ile ikasogezwa kidogo baada ya mahesabu kurudiwa. Fundi wa kawaida angeipachika juu ya jiwe na kuendelea na kazi.

Nililojifunza zaidi ni namna mzigo unavyohesabiwa wakati wa moto. Kwa jengo la ofisi, kanuni hizo za Ulaya huchukulia kwamba moto utakapozuka sakafu itakuwa imebeba takriban asilimia 30 ya mzigo wake wa juu kabisa, kwa kuwa watu watakuwa wametoka na samani ni chache. Kwa ghala huchukuliwa asilimia 80. Marobota hayakimbii. Maana yake ni kwamba boriti ya ghala huingia kwenye moto ikiwa imelemewa tayari, na hivyo itashindwa kwenye joto la chini kuliko boriti ileile ingekuwa ofisini. Yeyote anayenukuu jedwali la ofisi ili kupunguza unene wa rangi ya kukinga moto ghalani anamwibia mteja, iwe anajua au hajui, na mojawapo ya makadirio tuliyoletewa na washindani lilifanya hivyo hasa.

Tulikuwa na mawazo ya kutumia sakafu ya wavu wa chuma, kwa sababu ni nyepesi, hupitisha mwanga, na mahali penye vinyunyizio vya maji huyaruhusu maji kufika chini. Walitushauri tusifanye hivyo, na sababu yao ilitokana na lile daftari la stoo. Nailoni ya nyavu huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 220, na plastiki inayowaka hudondoka matone. Kwenye sakafu ya wavu matone hayo yangeshuka hadi kwenye maboksi ya chini, na moshi wa chini ungepanda bila kizuizi. Plaiwudi nayo ilikataliwa kwa sababu iliyo dhahiri. Walichagua zege lililomwagwa juu ya mabati ya migongo, likiwa na nondo ndani yake, ili mabati yatakapolegea kwa moto unaotoka chini nondo zilizofunikwa na zege ziendelee kubeba. Kwa saa moja, bamba la zege huhitaji unene usiopungua milimita 80, na kwa saa mbili milimita 120, ndipo joto la upande wa juu lisipande zaidi ya wastani wa nyuzi 140 juu ya lilivyokuwa mwanzo. Kipimo hicho cha joto hupuuzwa sana na wengi wetu, ambao tukisikia sakafu inahimili moto hufikiria kuanguka tu, tukasahau kwamba maboksi yaliyolala juu ya zege yanaweza kuanza kuungua kabla ufa wowote haujatokea.

Boriti na nguzo zilipakwa rangi inayovimba. Ni rangi inayoonekana kama nyingine yoyote, lakini ikipata joto la nyuzi zipatazo 200 au zaidi kidogo huumuka kama andazi kwenye mafuta na kujenga tabaka nene la kaa linalokizuia chuma kupata joto kwa haraka. Unene wake hautokani na kubahatisha. Chuma chembamba chenye uso mkubwa hupata joto upesi, hivyo huhitaji rangi nene, na chuma kizito huhitaji nyembamba. Kwa sababu hiyo, kununua boriti nyepesi ili kuokoa fedha huishia kuzirudisha fedha hizo dukani kwa mwenye rangi. Kampuni ilitupa jedwali lenye unene unaotakiwa kwa kila kipande, na fundi rangi alipima kwa kifaa cha sumaku baada ya kila mkono kukauka. Kazi iliangukia wakati wa vuli, na kwa kuwa rangi hii haipendi unyevu, walisimamisha upakaji kila hewa ya ziwa ilipokuwa nzito, jambo lililotuchelewesha na kutuudhi, ingawa nikilitazama sasa naona walikuwa sahihi. Juu yake walimalizia na rangi ya kawaida ya kuzuia unyevu, ambayo bila hiyo tabaka la ndani huharibika polepole pasipo mtu kugundua.

Baada ya sifa hizo, ubora wa usimamizi haukulingana na ubora wa michoro. Vichwa vya bolti na bamba za maungio kati ya boriti na nguzo vilipakwa mkono mmoja tu, pengine kwa sababu brashi haifiki vizuri, na hatukujua hadi mtu wetu alipopanda ngazi na tochi. Maungio ndiyo yanayoshikilia kila kitu, na sakafu yenye boriti zilizokingwa kikamilifu na maungio yaliyo wazi ina uwezo wa maungio hayo na si zaidi. Walirudi wakarekebisha bila ubishi. Hilo nimelihesabu upande wao.

Kasoro tunayoendelea kujadiliana inahusu matundu. Nyaya za taa na bomba la plastiki la maji ya mvua hupita kwenye zege, na mchoro ulionyesha kwamba nafasi inayobaki ijazwe sufu ya mawe na gundi maalumu, na bomba lizungushiwe kola inayovimba ili plastiki inapoyeyuka kola ilizibe tundu. Kola iliwekwa. Matundu ya nyaya yalijazwa povu la kawaida linalouzwa kwenye mikebe madukani, ambalo lenyewe huungua. Kampuni inasema hiyo ni kazi ya fundi umeme, fundi umeme anasema hakuonyeshwa mchoro, na mkataba hautaji nani alipaswa kukagua. Mimi naona msanifu aliyechora kiziba moto ana wajibu wa kuja kuona kama kimewekwa, hata kama si yeye aliyeshika kazi, kwa sababu hakuna mwingine pale anayejua kinafaa kuonekanaje. Nimeipunguzia kampuni alama nyingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Ngazi ni mbili, kila moja upande wake, na zinatosha. Geti la kupitishia paleti ni zuri, ila linapiga kelele.

Kwenye nguzo zinazopakana na njia ya foklifti waliweka vizuizi vya chuma vilivyojazwa zege, na nimefurahi kwamba hatukulazimika kuviomba. Uma wa foklifti ukigusa nguzo mara moja hubandua rangi inayovimba, na sehemu iliyobanduka ndiyo itakayopata joto kwanza. Walitupa pia kopo la akiba na maelekezo ya kuziba mikwaruzo, ingawa maelekezo yalikuwa ya lugha ya kiwandani na ilibidi mhandisi awaelekeze vijana wetu kwa mdomo.

Vinyunyizio vya maji havikufungwa. Kampuni ilivipendekeza na kueleza kwamba sakafu ya zege ingevihitaji chini yake na juu yake pia, kwa sababu maji ya darini hayawezi kupita kwenye bamba, na sisi ndio tulioahirisha kwa ajili ya gharama ya tangi na pampu. Waliacha nafasi ya mabomba kwenye michoro, na mahesabu ya nguzo yamekwisha kujumlisha uzito wa mabomba yakiwa na maji. Vitambua moshi vimefungwa chini ya sakafu pia, mahali ambapo maghala mengi husahau.

Nyaraka zilikuwa kamili: michoro yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ripoti ya unene wa rangi, na faili la kupeleka manispaa na kwa ofisi ya zimamoto. Maafisa wa zimamoto waliokuja kukagua waliuliza juu ya ngazi, mitungi ya kuzimia moto na njia za kutokea, nasi tukawa na la kuwaonyesha kwa kila swali. Bei ilikuwa juu kuliko ya karakana ya kuchomelea kwa kiasi ambacho mwenye duka dogo hataweza kukistahimili, na sitamlaumu akiamua kuhifadhi bidhaa zake chini tu badala ya kujenga sakafu ya juu isiyokingwa.

Kwa usanifu ninaipa kampuni hii alama tisa kwa kumi, na kwa usimamizi wa utekelezaji alama tano. Ningewaajiri tena kwa ghala la pili tunalolifikiria upande wa Usagara, lakini kwa mkataba unaotaja kwa maandishi anayekagua kila tundu na kila ungio, na unaozuia malipo ya mwisho hadi ripoti ya ukaguzi huo iwe imesainiwa na msanifu na fundi umeme wakiwa pamoja.