Eksirei ya viwiko vya mbwa mkubwa, Nairobi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na ninaandika hasa kwa wenye German Shepherd, Labrador na Rottweiler wanaokua.

Bobi, German Shepherd wetu wa miezi minane, alikuwa akichechemea mguu wa mbele wa kulia kila anapoinuka. Akitembea kidogo anapata nafuu, akikimbia sana maumivu yanarudi. Kliniki ya kwanza walimpiga picha moja tu, mguu umenyooshwa, wakasema ni msuli. Dawa ikaisha, kuchechemea hakukuisha.

Kliniki ya pili ndiyo ninayoisifu. Daktari alikikunja kiwiko na kukikunjua polepole huku akimtazama Bobi usoni, kisha akashauri alazwe kwa dawa ya usingizi na apigwe picha viwiko vyote viwili, kwa kuwa alishuku kiwiko kimekua vibaya (elbow dysplasia), tatizo ambalo mara nyingi hushika pande zote hata mbwa akichechemea upande mmoja. Picha iliyotoa jibu ni ile ya kiwiko kilichokunjwa kabisa. Kikinyooka, mifupa hufunikana.

Alituonyesha kwenye skrini bila haraka. Juu ya kiwiko kuna mfupa wa humerasi, chini mifupa ya radiasi na alna, na hizi mbili za chini lazima zikue sambamba. Alna ikibaki fupi, radiasi huisukuma humerasi juu, nayo hukandamiza ile ncha ya alna iliyo nyuma ya kiwiko. Kwa German Shepherd ncha hiyo inatakiwa iwe imeshikana na mfupa wake ifikapo wiki ya 20 hivi. Ya Bobi ilikuwa bado imeachana. Mstari mweusi ulionekana wazi hata kwangu mimi nisiyesomea. Ikiwa radiasi ndiyo fupi, uzito huangukia kijincha cha ndani cha alna hadi kipasuke, na hilo huwapata sana Labrador na Rottweiler. Hapo eksirei inaweza isionyeshe kitu, mkahitaji CT skani, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka.

Alitueleza kuhusu upasuaji, ama kukata alna ili ijipange au kukitoa kipande kilichoachana, na hakutuficha kwamba kiungo kinaweza kuja kuuma uzeeni. Apunguzwe uzito. Asipewe kalsiamu ya ziada, maana ikizidi huharibu mifupa ya mbwa mkubwa anayekua. Asipewe kamwe dawa za maumivu za binadamu. Na asizalishwe, kwa sababu ugonjwa huu hurithiwa.

Hilo la mwisho limenigusa sana. Ukinunua mtoto wa mbwa, omba picha za viwiko vya wazazi wake, zilizopigwa wakiwa wametimiza angalau mwaka mmoja. Hupangwa daraja 0 hadi 3, na 0 ndiyo safi. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu gharama ya dawa ya usingizi tuliijua wakati wa kulipa. Ulizeni mapema, na mbwa asile tangu usiku kama watakavyowaelekeza.