Panadi rodi ya Land Cruiser pikapu: niliyoirudisha na niliyobaki nayo

Gari yangu ni Land Cruiser pikapu ya 79, injini ya 1HZ, na hapa Wete, Pemba, kazi yake inajulikana. Msimu wa karafuu inatoa magunia mashambani kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Msimu ukipita inabeba mchanga, mbao, ndizi, na vyombo vya harusi. Miaka mitatu nyuma niliitia koili ndefu za mbele, ikanyanyuka kama sentimita 5, kwa sababu njia za mashamba ya Mtambwe zikipigwa na mvua hufanya makorongo, na difu, lile bonge la gia lililo chini kati ya magurudumu, ilikuwa ikikwangua kila siku. Kumbe hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, ingawa lilichukua muda kujitokeza.

Lilijitokeza kwenye barabara ya kwenda Chake. Gurudumu la mbele likiingia shimoni nami niko kwenye kilomita 60 kwa saa, usukani unatikisika mikononi kwa nguvu, na hautulii mpaka nikanyage breki gari karibu isimame. Mara ya tatu nilikuwa na wachumaji wanane nyuma. Niliegesha pembeni, mikono ikinitetemeka, nikasema gari hii haipakii mtu tena mpaka nijue ina nini.

Kwa asiyeijua, panadi rodi ni chuma kirefu kilicholala kwa mapana chini ya pua ya gari. Ncha moja imefungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, ya pili imefungwa upande wa pili kwenye eksili, chuma kinachobeba magurudumu mawili ya mbele. Pikapu hizi zina koili mbele tangu zilipoanza kutoka mwaka 1999, na koili inabeba uzito tu, haina uwezo wa kuizuia eksili isihame kulia wala kushoto. Anayeizuia ni chuma hiki kimoja, kwa bushi zake mbili, yaani vipete vya mpira vya kwenye ncha, na bolti zake mbili. Bushi ikilika au tundu la bolti likipanuka, eksili inapata nafasi ya kucheza, na usukani unaipokea ile michezo yote.

Fundi wa kwanza aliniambia ninunue dampa ya stelingi, ile shokomzoba ndogo ya usukani. Nilinunua, na kwa wiki mbili nilidhani nimepona. Dampa mpya inaufunika mtikisiko, haiondoi sababu. Uliporudi ulirudi na nguvu zake zilezile.

Fundi wa pili ni kijana, na ndiye aliyenifungua macho. Hakugusa spana kwanza. Aliniweka ndani, injini inawaka, magurudumu yote chini, akaniambia nichezeshe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, yeye akajilaza akashika ncha za panadi kwa vidole.

"Ami, njoo uone mwenyewe," aliniita. Tukabadilishana nafasi. Ncha ya upande wa eksili ilikuwa inakwenda na kurudi ndani ya bushi kabla eksili yenyewe haijasogea. Hilo jicho linaliona bila kifaa chochote.

Hapo nikafanya kosa. Niliagiza Dar, mtaa wa Gerezani pale Kariakoo, panadi ya mtumba kutoka Japani, shilingi 180,000, ikaja kwa meli. Chuma kizuri, kimenyooka, bushi zake bado nzima. Ikafungwa, mtikisiko ukapungua sana, lakini gari ilikuwa inavuta upande na usukani umekaa kombo. Kijana akaniuliza, "Ami, ulipotia koili ndefu, panadi uliibadilisha?" Sikuibadilisha, na wala hakuna aliyeniambia.

Maelezo yake niliyaelewa alipoyachora chini kwa kijiti. Panadi haijilazi sawasawa, ina mteremko kutoka kwenye chesisi kushuka kwenye eksili. Ukiinyanyua gari, mteremko unazidi, na kwa kuwa chuma hakirefuki, mapana yake yanapungua. Basi eksili inavutwa kuelekea upande ule panadi ilikofungwa kwenye chesisi. Tukapima. Tuliipeleka gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, tukateremsha timazi kutoka ukingo wa bodi kila upande, tukapima kwa futi hadi kwenye ubavu wa tairi. Tofauti ya kulia na kushoto ilikuwa milimita 18, yaani eksili imehama milimita 9. Panadi yoyote ya urefu wa kiwandani, mpya au mtumba, ingeiacha eksili palepale. Laiti ningepima kabla ya kutuma fedha. Muuzaji alikubali kuirudisha, nauli ya meli ikawa juu yangu.

Kwa hiyo nilichohitaji ni panadi ya kurekebisha urefu. Niliziona za aina mbili. Moja ina ncha za mpira kama ya asili, nyingine ina kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya chuma. Hiyo ya pili inashika madhubuti mno, lakini hapa kwetu ina maadui wawili, vumbi la njia za mashamba na chumvi ya bahari, na ikianza kulika inagonga mapema. Kuna na bushi za plastiki ngumu zenye rangi nyekundu au manjano. Nimepanda gari ya jirani yangu iliyofungwa hizo: zinalia kama mlango mkavu, na kila kokoto unalihisi kwenye usukani. Nilichagua ya mpira. Nililipa 520,000, na sijutii hata shilingi.

Wapo walionishauri nikate panadi ya zamani, niirefushe na kuichomelea, kwa bei ya vocha tu. Nilikataa na ningekataa tena. Chuma hiki kinavutwa na kusukumwa kila kona, na kikikatika ukiwa mwendoni eksili inabaki haina mshikaji, na nyuma wamekaa watoto wa watu.

Ufungaji ulichukua asubuhi nzima. Kabla ya yote tulisugua breketi kwa brashi ya waya tutafute ufa kwenye welding, kisha tukajaribu bolti kwenye tundu. Tundu la upande wa eksili lilikuwa limeanza kuwa yai, kwa hiyo lilichomelewa kipande na kutobolewa upya kwa saizi ya bolti. Ukiweka panadi mpya juu ya tundu lililopanuka, umetupa fedha. Urefu ulirekebishwa mpaka timazi ikasoma sawa pande zote mbili. Na nati za bushi hazikukazwa gari ikiwa juu ya jeki. Ilishushwa ikasimama kwa magurudumu yake, ndipo zikakazwa, maana bushi ya mpira ikikazwa ikiwa imejikunja, inaishi imejikunja na kupasuka mapema. Mwisho rodi ya stelingi ilirekebishwa ili usukani ukae sawa, kisha tukahakikisha panadi haigusi difu gari ikikandamizwa.

Sasa ni miezi saba, na msimu mzima wa karafuu umepita humo. Gari inakwenda mstari, na mashimo yale ya njia ya Chake nayapita mkono mmoja ukiwa kwenye gia. Kasoro niliyoiona ni kutu: mwezi wa nne tangu kufungwa, nyuzi za skrubu za kurekebishia urefu zilikuwa zimeanza kuwa kahawia, kwa sababu zilikuja kavu kutoka dukani. Tukalegeza nati ya kufungia, tukasafisha, tukapaka grisi, tukakaza na kupiga alama ya rangi nyeupe juu ya nati na chuma ili ikisogea tuione. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini naiangalia ile alama. Mpaka wiki hii mistari miwili bado inakutana.