Mini-Wright kwa mgonjwa wa pumu wa Goma: kipimo kizuri, jedwali lake si la hapa

Mini-Wright ni bomba fupi la plastiki linalopima kasi ya juu kabisa ya pumzi inayotoka, kwa lita kwa dakika. Ndani mna pistoni na springi. Ukipuliza, pistoni inasukumwa, hewa inatokea kwenye ufa, na kishale kinabaki pale kilipofikia. Kipimo hiki hakitumii betri wala umeme, na kwa Goma hilo pekee linatosha kukipendelea kuliko vipimo vya kidijitali. Kwenye farmasi kiulizie kwa Kifaransa: débitmètre de pointe.

Aliyekibuni ni Basil Martin Wright, daktari Mwingereza aliyefanya utafiti wake katika Medical Research Council, shirika la Uingereza la utafiti wa tiba. Alianzia Wales, kwenye kitengo cha shirika hilo kilichochunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe yaliyojaa vumbi. Kipimo chake cha miaka ya 1950 kilikuwa kizito, cha hospitali. Hiki chepesi cha nyumbani kilikuja miaka ya 1970. Kuna jambo moja la kimekanika la kukumbuka: hewa ikipita kwa utulivu, mrija uliopungua kipenyo kwa nusu huizuia mara 16 zaidi. Kwa hiyo namba inaweza kushuka kabla kifua hakijaanza kupiga miluzi.

Kasoro yake kubwa kwa Goma ni jedwali la namba za kawaida linalokuja nalo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na kipimo cha aina hii husoma chini kidogo ya kasi halisi. Tena majedwali mengi yalitokana na watu wa Ulaya. Liache jedwali. Tafuta namba bora yako mwenyewe: wiki mbili, asubuhi na jioni, wakati pumu imetulia.

Namna ya kupuliza ndiyo inayoharibu wengi. Rudisha kishale chini, simama, vuta pumzi hadi kifua kijae, bana midomo vizuri, kisha piga pumzi moja ya ghafla. Haina haja ya kuwa ndefu, kwani kilele hufikiwa mwanzoni kabisa. Fanya mara tatu, andika kubwa, si wastani. Mbili kubwa zikiachana zaidi ya 40, rudia. Kidole kikigusa kishale namba inashuka. Ukisukuma hewa kwa ulimi kama anayetema mbegu, inapanda kwa uongo, na huo ndio udanganyifu wa hatari, maana mgonjwa anaonekana mzima.

Namba bora ikiwa 480, chini ya 384 (asilimia 80) ni onyo: fuata mpango wa dawa aliokupa daktari. Chini ya 240 (asilimia 50), tumia pampu ya kufungua kifua na uende hospitali bila kungoja. Asubuhi 360 na jioni 420 ni tofauti ya asilimia 15. Kwa mtu mzima, wastani wa tofauti hizo kwa wiki mbili ukizidi asilimia 10, mwonyeshe daktari daftari.

Vumbi la lava ni adui wa ufa wa kishale. Kihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na mbabula na moshi wa makala. Kioshe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kikung'ute, kikauke kabisa. Tone la maji hukwamisha kishale. Kwa mazuku hakisaidii chochote: ile ni hewa ya kaboni dioksidi inayokaa mabondeni, na dawa yake ni kuondoka.

Watoto chini ya miaka 5 mara nyingi hawawezi kupuliza inavyotakiwa. Mtu mwenye pumu kali sana achukue kile kinachoishia 400, maana mistari yake inasomeka vizuri kule chini. Ukinunua kilichotumika, angalia uso wake: maandishi ya buluu juu ya njano, pamoja na herufi EU, ni skeli mpya. Skeli ya zamani husoma juu mno katikati, hivyo namba za vipimo hivyo viwili zisiandikwe kwenye daftari moja.